Maswali tunayoulizwa kila siku: maneno ya dansi ya Kiskoti yanavyotuvuruga sisi tuliotoka nje

Nimeandika hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko huku Skotlandi, wanafunzi, wanaolea wazee, waliofuata wenza wao, wote ambao siku moja jirani atawagongea mlango awaambie twende tukacheze. Mimi niliburuzwa hivyohivyo na bibi mmoja wa ghorofa ya chini, sasa ni mwaka wa tano na bado kuna siku napotea, ila kupotea kwangu kwa sasa kuna heshima kidogo.

Hii dansi yenyewe ni ipi, ile ya kilti na lile zumari la mfuko?

Kwa Kiingereza inaitwa Scottish country dance. Kilti ndiyo, zumari sio sana, mara nyingi utasikia kodiani na fidla na piano. Watu wanasimama mistari miwili wanatazamana, wanaume huku wanawake kule (siku hizi yeyote anasimama popote akitaka), kawaida jozi nne, halafu muziki ukianza wanachora maumbo sakafuni, wanazunguka, wanapishana, wanapita katikati, wanarudi. Sio ile ya mtu mmoja kurukaruka juu ya mapanga, ile ni ya Hailandi (nyanda za juu za Skotlandi), ni ya mashindano. Wala sio keili, ingawa zinapakana: keili (ukiiona imeandikwa ceilidh usiogope, ni Kigaeli, lugha ya kale ya Waskoti) ni sherehe, watu wanakuja hawajui kitu, mtu anatangaza kwenye maiki na kila mmoja anakanyaga mwenzake kwa furaha.

Hii yetu ina darasa, ina viatu vyake, na ina chama. Kilianzishwa Glasgow mwaka 1923 na mama wawili, Jean Milligan na Ysobel Stewart, kikapewa jina la kifalme 1951, na tangu 1927 kuna skuli ya kiangazi pale St Andrews. Nakitaja kwa sababu hicho chama ndicho kilichokusanya dansi za zamani kutoka vitabu na vichwa vya wazee kikazipanga ziwe na maneno ya aina moja, kwa hiyo ukichanganyikiwa unajua pa kupeleka malalamiko.

Hilo "country" ni nchi, shamba, au ule muziki wa Wamarekani wa kofia pana?

Hakuna kati ya hayo, kofia ndiyo kabisa usahau. Ni jina la zamani la dansi za mistari za Uingereza, Wafaransa wakalichukua wakalitamka kwao ikawa contredanse, yaani kama dansi ya kukabiliana, na kwa bahati maana hiyo ya kimakosa inaelezea dansi vizuri kuliko jina la asili, maana kweli mnasimama mmekabiliana.

Mimi Kiingereza nimesoma mpaka chuo, nafanya kazi kwa Kiingereza, mbona darasani sielewi hata sentensi moja?

Hili ndilo swali lenyewe, hayo mengine ni matawi tu.

Umesoma Tanzania au Kenya? Unakumbuka gwaride? "Mguu pande! Mguu sawa!" Hebu niambie mguu pande ni nini. Ukichukua neno moja moja, mguu, pande, hupati kitu. Lakini ukisikia hiyo sauti hata leo ukiwa foleni ya benki mguu unataka kwenda wenyewe. Hakuna mtoto aliyeinua mkono akasema mwalimu naomba fasiri. Amri ile ni sauti ambayo mwili umefundishwa kuijibu, basi.

Maneno ya hii dansi ni vilevile, shida ni kwamba yamevaa nguo za Kiingereza unachokijua. Mwalimu akisema kona, wewe akili yako inaangalia kona ya ukumbi. Mjapani aliyekuja bila Kiingereza anajifunza kwamba kona ni mtu fulani upande wake wa kulia, basi yameisha, wewe msomi bado unatafuta kona. Nimeona kwa macho yangu, wanaojua Kiingereza kidogo wanashika haraka kuliko sisi, hata Waingereza wenyewe kutoka London wanahangaika.

Na kitu kingine ambacho hawakuambii siku ya kwanza: kila neno lina urefu. Ukiambiwa "seti" sio tu utumie miguu hivi, ni kwamba utumie miguu hivi kwa baa mbili za muziki, sio tatu. "Mikono sita kuzunguka na kurudi" ni baa nane. Kwahiyo neno moja limebeba umbo, mkono gani, muda gani, na unamalizia wapi. Ukitafsiri unapata umbo, hivyo vitatu vingine vinadondoka njiani.

Umesema baa. Baa ya bia?

Hapana jamani, ila nakuelewa, mimi nilipoambiwa mara ya kwanza "tuna baa nane kabla ya kurudi" niliona mbona wazee hawa wana stamina. Baa ni kipande cha muziki, mapigo machache yanayojirudia. Dansi nyingi zina baa 32 kwa mzunguko mmoja, na kwenye karatasi utaona 8x32R, yaani mzunguko wa baa 32 unachezwa mara nane, jumla baa 256, na hiyo R ni rili. Ikiwa J ni jigi, ikiwa S ni straspei.

Pombe darasani haipo, mapumziko ni chai na biskuti.

Rili, jigi, straspei, tofauti ni nini?

Rili inakimbia moja kwa moja, jigi inadundadunda (ukiimba "karanga, karanga" haraka utaipata), straspei ni ya polepole na ya madaha, hiyo ndiyo Waskoti wanaiona ni yao hasa. Jina linaandikwa strathspey, linatokana na bonde la mto Spey. Tamka straspei, usihangaike na ile th.

Lakini ngoja nikuonye kuhusu rili. Rili ni aina ya muziki. Rili pia ni dansi inayochezwa kwa muziki huo. Rili pia ni umbo, watu watatu au wanne wanapishana wakichora namba nane sakafuni, kama unavyosuka ukili wa mkeka, huyu anapita ndani yule anapita nje. Na hilo umbo la rili linaweza kuwemo ndani ya jigi, au ndani ya straspei. Kwahiyo mwalimu anaweza kusema bila aibu yoyote "kwenye hii jigi tunaanza na rili" na ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa kama amesema kitu cha kawaida. Na bado hujafika kwa fundi cherehani na mvuvi, ambao nao wana rili zao za uzi na za ndoano.

"Seti" nayo?

Seti ni kundi lenu, jozi zote mlizosimama nazo. Seti pia ni kitendo, kupiga hatua papo hapo kulia kisha kushoto ukimtazama mwenzako, kama salamu ya miguu. Ndio maana unaweza kusikia kitu kama "seti zote ziseti" na ni sentensi halali kabisa. Ujanja wangu: ikisikika kabla ya muziki ni kundi, ikisikika wakati wa muziki ni miguu.

Juu na chini ziko wapi? Sakafu si iko tambarare?

Juu ni kwenye bendi. Hata bendi ikiwa ni spika ndogo juu ya kiti, hapo ndipo juu. Chini ni upande wa pili. Wewe Mswahili hili lisikusumbue sana, si tunapanda bara tunashuka pwani na hatujawahi kuona ngazi. Shida inakuja ukumbi ukiwa na jukwaa upande mmoja na spika upande mwingine, hapo nimeona seti mbili zikicheza zinakwenda kinyume kabisa na kila moja ina uhakika.

Halafu "stepu juu" sio kupanda kitu, ni jozi ya pili kusogea nafasi moja kuelekea bendi kumpisha aliyeshuka. Usiposogea utagongwa.

Kulia na kushoto je? Hapo si hakuna utata?

Kwa Mzungu hakuna. Kwa aliyelelewa na bibi wa pwani upo, tena mkubwa. Sisi mkono wa kuume ni kulia, mkono wa kike ni kushoto. Sasa humu ukisimama unaangalia bendi, mstari wa wanaume uko kushoto kwako na wa wanawake uko kulia. Kinyume kabisa! Mwalimu akisema "upande wa wanaume" mwili wangu unakwenda kulia kabla kichwa hakijafika. Miezi mitatu niliandika M kwa kalamu kwenye mkono wa kushoto kama mtoto wa chekechea.

Kama ni msaada, wao wanafikiria hivi: jozi ikigeuka kutazama bendi pamoja, mwanamke anakuwa mkono wa kulia wa mwanaume.

"Mikono sita" ni watu watatu?

Ungedhani, eti? Kila mtu ana miwili, gawanya, watatu. Hapana. Mikono sita kuzunguka ni watu sita wameshikana duara. "Mikono minne kukatiza" ni watu wanne wanaoweka mikono ya kulia katikati kama tairi la baiskeli na spoku zake. Wanahesabu mkono mmoja kwa kila kichwa, ni kama sisi tunavyosema "tunahitaji mikono zaidi shambani" na hatuhesabu vidole. Siku yangu ya kwanza tulijitenga watatu tukaanza kuzunguka peke yetu kwa bidii kubwa, wale watatu wengine wamesimama wanatutazama.

Kona ni nani?

Ni swali zuri maana umeuliza nani na sio wapi. Hapa nitachukua muda kidogo.

Chukua seti ya jozi tatu. Jozi ya kwanza imeshuka iko katikati, imepeana mgongo, mwanaume anatazama upande wa wanawake na mwanamke anatazama upande wa wanaume. Wale watu wanne wa jozi ya pili na ya tatu sasa wamekaa kama miguu minne ya kitanda. Hao ndio kona. Aliye mkono wako wa kulia ni kona yako ya kwanza, aliye mkono wa kushoto ni kona yako ya pili. Kwa hiyo kona ya kwanza ya mwanaume ni yule mwanamke wa jozi ya tatu, na kona ya kwanza ya mwanamke ni yule mwanaume wa jozi ya pili, wako diagonali.

Ukishaelewa hapo, mwalimu atakuambia "kona zibadilishane nafasi", na kumbuka zikishahama bado zinaitwa kona, ila ni kona zilizo kwenye kona nyingine. Kuna dansi unaambiwa nenda kwenye nafasi ya kona yako ya kwanza na kona yako hayupo, kwa sababu ni nafasi yake sio yeye. Hapo ndipo nilipokaa chini nikaomba maji.

Sisi tulikuwa jozi ya pili, mara tukaambiwa sisi ndio wa kwanza, tumepandishwa cheo?

Hahaha ndio, ila msijisifu, ni zamu. Fikiria foleni ya ndoo bombani: aliye mbele anachota, akimaliza ndoo yake inaenda nyuma, anayefuata anakuwa wa kwanza. Jozi ya kwanza inacheza mzunguko mmoja ikitokea juu, inajikuta nafasi ya pili, inacheza tena mzunguko wa pili kutokea hapo, halafu inateremka mpaka chini kabisa. Jozi mpya iliyoko juu ndiyo inakuwa "wa kwanza".

Cha kushika: wakati mzunguko unaendelea namba inakufuata wewe, haifuati sehemu uliyosimama. Jozi ya kwanza ikiwa nafasi ya pili bado ni jozi ya kwanza. Mwalimu akisema "wa pili" na akasema "nafasi ya pili" hayo ni mambo mawili tofauti na anaweza kuyasema yote ndani ya pumzi moja.

Kasti ofu?

Neno hili kila mtu ana lake. Msusi wa sweta anajua ni kufunga mishono ya mwisho, baharia anajua ni kufungua kamba chombo kiondoke gatini. Humu ni kugeuka kwa nje na kupita nyuma ya mstari wenu kushuka chini. Kinachochekesha ni kwamba unaanza kwa kuelekea juu kidogo ili uende chini, mwanaume anazungukia bega la kushoto, mwanamke la kulia, kama mtu aliyesahau funguo akageuka mlangoni. Kukasti kwenda juu nako kupo, ni hivyohivyo kinyume chake.

Hayo maneno ya Kifaransa yamefikaje? Na mbona rafiki yangu Mkongo anacheka peke yake?

Anacheka kwa sababu anayaelewa, maskini. Dansi za kumbi za mabwana zilipita Ufaransa zikarudi na maneno. Mwenzetu mmoja wa Lubumbashi alikuja mara moja, mwalimu akatangaza kwamba sasa tutafanya "puseti", mwenzetu akageuka akaangalia mlangoni nani amekuja na mtoto, maana kwa Kifaransa cha leo hiyo ni gari la kusukumia mtoto, na kule kwao pusupusu ni mkokoteni. Humu puseti ni jozi mbili kushikana mikono yote miwili na kuzungukana mpaka zibadilishane nafasi. Kusukumana kupo kweli, hasa ukiwekwa na mzee mwenye nguvu.

Ikaja "alemandi", ambayo kwa Kifaransa ni Mjerumani mwanamke. Humu ni jozi kutembea zimeshikana, mikono ya kulia imepita juu ya bega la mwanamke, ya kushoto iko mbele. Hakuna Mjerumani, ingawa siku ile alikuwepo kweli mmoja darasani na alisimama akidhani ameitwa.

Na ile hatua ya kuseti kwenye rili na jigi, pas de basque, maana yake hatua ya Mbaski, wale watu wa mpakani Ufaransa na Hispania. Waskoti wanaitamka padebaa, wengine padibaa, Mfaransa akiisikia hivyo hajui kama anatukanwa au anaalikwa. Ushauri wangu, kama unajua Kifaransa kiache kwenye koti mlangoni.

Nimeandikiwa nilete "pampu" na nisome "kribu" kabla sijaja. Nieleweje?

Pampu ni viatu vyepesi laini, sio ya kujazia upepo. Viatu vyenyewe hasa wanaviita gili, vya ngozi laini na kamba za kufungia, na gili kwa asili ni Kigaeli, kijana, halafu ikawa yule mtumishi anayewasindikiza matajiri kuwinda na kuvua samaki. Kwahiyo ukiambiwa "vaa gili zako" hawana maana ya kubeba mtu.

Kribu ni kitanda cha mtoto mchanga kwenye kamusi. Humu ni karatasi yenye maelekezo mafupi ya dansi, ufupisho wa ufupisho, mistari minne mitano ya namba na herufi. Sasa wewe jumlisha: wiki ya kwanza nimesikia gari la mtoto, nimesikia kitanda cha mtoto, na darasa limejaa akina mama. Nilidhani nimeingia kliniki ya wajawazito.

Mwalimu alisema tumemaliza "upande mbaya", tulikosea?

Hapana, mlikuwa sawa kabisa. Maana yake mko upande wa mwenzako badala ya upande wenu, na mara nyingi dansi inataka muwe hapo. Wengine siku hizi wanasema upande wa pili ili watu wasiumie roho.

Na "kava"? Nilifunika nini?

Hufuniki kitu. Ni kujipanga na wenzako wakati mnacheza ili ukitazamwa kutoka mbali mistari inyooke, wewe na yule wa ng'ambo mfike katikati pamoja. Ukiwahi kucheza lelemama au kutazama kina mama wakicheza wamejipanga mstari, unajua aibu ya yule mmoja aliyegeuka kabla ya wenzake. Hiyo aibu ndiyo kava.

Majina ya dansi yanasaidia kujua kinachochezwa?

Karibu kamwe. Strip the Willow haina mti na hakuna anayevuliwa kitu. Gay Gordons ni kikosi cha jeshi, akina Gordon. Petronella ni jina la dansi, lakini mwendo wake wa kujizungusha huku unahama pembe kwa pembe ulipendwa mpaka ukawa neno la kawaida, kwahiyo unaweza kuambiwa upige petronela ndani ya dansi nyingine kabisa.

Ila kuna moja jina lake lina kisa na nikiambiwa nichague kisa kimoja tu cha kusimulia kuhusu haya maneno ni hiki. Inaitwa Reel of the 51st Division. Juni 1940 wanajeshi wa divisheni ya 51, Waskoti wa Hailandi, walitekwa na Wajerumani pale St Valéry-en-Caux, Ufaransa, maofisa wakapelekwa kambi ya Laufen kule Bavaria. Kifungoni wakatunga dansi, wanaume watupu wanacheza wenyewe kwa wenyewe, na katikati yake wanaunganisha mikono kwenye mistari ya diagonali hadi kunatokea msalaba wa Mtakatifu Andrea, ule wa bendera ya Skotlandi, mbele ya macho ya walinzi. Na inasimuliwa sana kwamba maelekezo yake yalipoandikwa kwenye barua kwenda nyumbani, wakaguzi wa barua wa Kijerumani waliona haya maneno, kona ya kwanza, nafasi ya pili, baa nane, wa kwanza wateremke, wakaona hii haiwezi kuwa dansi, hii ni siri ya kijeshi, wakakaa kutafuta ufunguo wake. Mimi nawaelewa kabisa. Nimeshika karatasi hizohizo.

Kwa nini wasitafsiri tu, Wajerumani kwa Kijerumani, sisi kwa Kiswahili?

Watu wameuliza hilo muda mrefu. Dansi hii inachezwa Japani, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, New Zealand, na maneno yanabaki yaleyale kila mahali, mwalimu anaeleza kwa lugha ya nyumbani lakini amri inatoka kama ilivyo. Faida yake ni kwamba mtu wa Tokyo akitua Edinburgh leo usiku anaingia ukumbini, haongei na mtu neno, anacheza mpaka mwisho. Mbona kwenye karate mtaani kwetu wote tulikuwa tunapiga kelele kwa Kijapani na hakuna aliyedai tafsiri?

Lakini kichwani kwako tafsiri unavyotaka. Mimi kasti ofu naiita "zunguka nyuma ya nyumba", na rili ya watu watatu ni "ukili". Bibi wa ghorofa ya chini naye ameanza kusema ukili, anaitamka vibaya ila inafanya kazi.

Kwetu kuna historia yoyote na hivi vitu, au ni vya huku tu?

Ipo ya pembeni. Mombasa enzi za mkoloni kwenye ngoma za beni, zile za magwaride na tarumbeta, palikuwa na kundi la Skochi na kilti zao, wakishindana na kundi la Kingi. Nairobi kuna chama cha Caledonian (yaani cha Kiskoti, kwa jina la kale la Skotlandi) cha Waskoti wanaoishi huko, na Novemba 30, siku ya Mtakatifu Andrea, ndiyo wakati wao wa kuvaa kilti na kucheza, kwahiyo ukirudi nyumbani ujuzi hauozi.

Nimealikwa "chai" saa "nusu saba" kabla ya dansi. Niende saa ngapi na nile kwanza?

Usile! Chai kwa Waskoti wengi ni chakula cha jioni, viazi, samaki, kila kitu. Mimi nilikula ugali wangu nikashiba, nikaenda nikidhani ni kikombe na kitumbua, nikawekewa sahani kama mlima, na huwezi kukataa chakula cha bibi wa watu.

Nusu saba ya Mskoti ni saba na nusu yao, yaani saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Mjerumani akiambiwa hivyohivyo anakuja lisaa limoja kabla, maana kwao nusu saba ni nusu ya kuelekea saba. Yule Mjerumani wetu tulimkuta amekaa kwenye ngazi nje na gili zake mkononi, ameshafika, wewe ukizidisha na masaa yetu ya Kiswahili unaweza kufika na jua la asubuhi.

Nikikosea katikati nifanye nini, niseme samahani?

Usiseme kitu, ukisema samahani baa mbili zimeshapita. Tazama uso wa yeyote anayekutazama, mara nyingi ndiye unayepaswa kumpa mkono. Mpe wa kulia. Kama sio wa kulia atakupokonya akuoneshe.